Kle ya Maonyesho na Shemeji Yangu Florent

Wewe uliyefungia mikate gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, sikulaumu. Mimi pia nimewafanyia wenzangu hivyo hivyo. Nitakukumbusha kwa kifupi kisha twende mbele, maana wiki hii ndiyo iliyonivunja.

Naitwa Tshilombo. Ni fundi wa magari hapa Kamina, mtoto wa mtu wa reli. Mwezi uliopita nilikwenda Lubumbashi kwenye maonyesho ya magari na vifaa vya mafundi. Sikwenda kununua. Nilikwenda kuyapa macho chakula, na macho yakala mpaka yakavimbiwa.

Niliona kle, yaani spana, zenye shingo inayokunjika, zinazoingia mahali ambapo vidole vyangu vimechubuka miaka ishirini. Niliona kle inayoshika hata nati iliyolika pembe zote, ile ambayo sisi huitoa kwa patasi, nyundo na matusi. Halafu nikaona ile inayolia.

Kle ile unazungusha mpini wake mpaka kwenye nguvu unayotaka. Unakaza nati. Nguvu ikitimia, kle yenyewe inasema "tak". Maana yake: inatosha, acha. Sisi wa Kamina tunakaza kwa bega. Baba yangu alinifundisha kwamba bega likiuma hapa, nati imefika. Nimevunja bolti ngapi kwa bega hilo! Nilisimama pale mtu mzima, macho yamejaa machozi kwa sababu ya kipande cha chuma.

Aliyekuwa akiionyesha kwa watu alikuwa Florent, mdogo wa mke wangu Mulanga. Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi kwa wauza vifaa wale, wanamjaribu. Akanipa kle mkononi, akaniita shemeji kwa Kifaransa kama kawaida yake.

"Jaribu, beau-frère. Sikia vile inalia."

Nikakaza, tak. Nikakaza nyingine, tak. Watu wakamwita Florent upande wa pili, akageuka. Na mkono wangu ukafanya kile unachokifanya kila siku ya Mungu tangu nina miaka kumi na tano: ukamaliza kukaza, ukatumbukiza kle ndani ya mfuko mrefu wa mguu wa salopeti, ovaroli yangu ya kazi. Mkono wa fundi hauulizi kichwa.

Nilikwenda stesheni moja kwa moja. Nilipoketi ndani ya behewa, kitu kikanibana paja. Treni ilikuwa haijaondoka bado.

Hapo lazima nikiri. Ningeweza kushuka. Lakini treni ya Kamina ukiikosa, unaweza kungoja mpaka ndevu zikuote. Nikabaki nimeketi. Mpaka dakika ile kosa lilikuwa la mkono. Treni ilipopiga honi, likawa langu.

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Mimi sikupewa hata ishirini.

*

Florent alirudi Kamina na begi moja na uso wa mtu aliyefiwa. Kle ile ilikuwa moja tu, ya kuonyeshea, na ilipotelea mikononi mwake. Mkubwa wake, Bwana Maurice, alimwambia aliiuza kwa mlango wa nyuma. Akampa mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Akikubali kwa maandishi, amesamehewa, arudi kwao. Akikataa, kesi inakwenda parke, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka parke mpaka gerezani ni hatua chache.

Jamaa ikasema tukutane tumhukumu wenyewe kabla dunia haijamhukumu. Tukutane wapi? Kwenye parsele yangu, uani kwangu! Mulanga ana mimba ya miezi minane, haendi mbali, basi wote wakaja kwake.

Siku zote hizo kle ilikuwa chini ya godoro letu. Lakini Jumamosi asubuhi Mulanga akaanza kufagia chumba ili mama yake apate pa kupumzika. Nikamwona anainua godoro upande wa miguu. Nikasema niache nikusaidie, nikaichomoa, nikaiviringisha ndani ya fulana kuukuu na kukimbia nayo nyuma ya nyumba, kwenye gereji yangu. Nikaitia chini kabisa ya sanduku langu la kazi.

Cheka, una haki. Mtu mwenye akili huficha kle ndani ya unga, au juu ya dari. Mimi niliificha kati ya kle nyingine.

Na gereji yetu ina sheria yake. Mimi na mwenzangu Kazadi tuna masanduku mawili, lakini hakuna kufuli na hakuna kuombana. Kazi ikikudai kle namba kumi na saba na yangu iko karibu, unaichukua. Tunasema kle haina mwenyewe mpaka gari liwake. Miaka tisa tumefanya hivyo bila ugomvi. Nilikuwa naijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, na sikuikumbuka.

*

Saa nne wote walikuwa wameketi uani. Papa Ngondo, mjomba wa mke wangu, kwenye kiti cha mbao, simu mkononi na karatasi nyeupe magotini. Mama Mbombo, mama mkwe wangu, kwenye kiti cha plastiki upande wa mlango. Mulanga karibu naye. Florent kwenye kigoda, peke yake katikati. Mimi nikapewa kiti mkabala na mama mkwe, mbali kidogo, kama inavyopaswa.

Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Anamwambia binti yake, binti anapeleka. Na yeye akiwa ameketi, mkwe hainuki mpaka apewe ruhusa. Wengine mjini wameziacha desturi hizo. Mama Mbombo aliondoshwa Likasi mwaka wa tisini na tatu, watu wetu walipofukuzwa, na watoto wadogo na sufuria mbili, na hajaacha hata desturi moja.

Papa Ngondo akakohoa, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kamina, kile cha "minyi" kwa mimi na "njo" kwa ndiyo.

"Florent, mutoto wangu. Saa inaenda. Sema kweli mbele ya mama yako. Ile kle uliuzisha ao hapana?"

"Papa, sikuuzisha. Naapa kwa Mungu. Ilikuwa pale, bantu bakaniita, kugeuka, haiko."

"Kle iko na miguu?"

"Haina miguu, Papa."

"Basi muntu aliibeba. Ni nani?"

"Kama ningemujua, ningekuwa hapa?"

Mama Mbombo akamgeukia binti yake.

"Mulanga, uliza bwana yako. Yeye njo alikuwa kule. Aseme kama aliona Florent anapatia muntu ile kintu."

Mulanga akaniangalia kwa macho yaliyokuwa yakiniomba. Alikuwa hajalala siku tatu kwa ajili ya mdogo wake. Mulanga ndiye aliyemlea Florent mgongoni.

"Umesikia, Tshilombo?"

Nilisikia. Nikajibu hivi:

"Ambia Mama: minyi sikuona Florent anapatia muntu kintu."

Kila neno lilikuwa kweli. Ukiipekua sentensi ile kwa tochi hupati uongo ndani yake. Na mpaka leo hakuna uongo wangu unaonitia haya kuliko kweli ile.

Mama Mbombo akainua mikono.

"Munasikia? Mukwe wangu ni muntu wa kanisa. Hawezi kudanganya."

Florent akanitazama. "Asante, beau-frère," akasema.

Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimefungwa na kiti, na mama mkwe, na shukrani.

Ndipo nikasikia kutoka nyuma ya nyumba: krrr, krrr, krrr.

Tak.

*

Nikajiambia ni kikombe, ni mlango, ni jirani anavunja kuni.

Krrr, krrr. Tak.

Kazadi alikuwa akifunga magurudumu ya Hilux ya mapadri. Walikuwa wanaondoka kwenda Kabongo asubuhi ile ile. Alihitaji kle, akafungua sanduku lililo karibu, akachimba mpaka chini. Sheria ya gereji.

Papa Ngondo alikuwa akiendelea kusema, sijui nini. Mulanga alikuwa akifuta uso. Hakuna aliyejali, kelele za gereji wamezizoea. Kwao chuma ni chuma.

Lakini Florent aliinua kichwa.

Kwa siku tatu kule Lubumbashi alikuwa ameiliza kle ile mara elfu mbele ya watu. Aliijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe sokoni. Aliinua kichwa taratibu, akageuza sikio kuelekea nyuma ya nyumba.

"Ambia Mama," nikamwambia Mulanga haraka, "naenda tu kuona Kazadi kidogo, gari ya mapadri iko na haraka."

Mulanga akapeleka. Mama Mbombo hata hakunitazama.

"Aikale. Atasimama namna gani na mutoto wangu iko nahukumiwa?"

Nikakaa.

Gurudumu la Hilux lina nati sita. Magurudumu manne. Hesabu mwenyewe mara ngapi moyo wangu ulipigwa na nyundo. Tatu. Nne. Na Kazadi, masikini, mara ya tano nikamsikia akicheka peke yake kwa furaha. Na mimi nilicheka hivyo hivyo nilipoishika mara ya kwanza.

Tak.

Florent sasa alikuwa haangalii tena nyuma ya nyumba. Alikuwa akiniangalia mimi.

Sikuweza kugeuza macho. Nilitaka kumwambia mambo yote kwa mara moja: mfuko, mkono, treni, honi. Uso wangu ulisema nini sijui, lakini alisoma. Nikaona anavyosoma mpaka mwisho. Akakunja ngumi juu ya goti.

Nikajiambia, sasa atasema. Na unajua nilisikia nini? Nafuu. Naam, nafuu! Aseme tu yaishe.

Florent akamtazama dada yake. Akatazama tumbo lake kubwa na mkono wake ulioliegemea. Alitazama kwa muda. Kisha akashusha pumzi.

"Papa Ngondo," akasema. "Niliuzisha."

*

Mama Mbombo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia nje ya matanga.

"Unasema nini?"

"Niliuzisha, Mama. Kwa muntu moja pale mulangoni. Simujue jina. Munisamehe."

"Sasa hivi ulikuwa naapa kwa Mungu!" Papa Ngondo akasimama, karatasi zikaanguka. "Kwa Mungu, Florent!"

"Nilikuwa na woga."

Mulanga hakulia. Alimtazama mdogo wake kama mtu asiyejulikana. Hiyo ndiyo iliyoniua. Kijana anatoa jina lake, sifa yake, kazi yake, ili nyumba ya dada isibomoke, na dada mwenyewe anamtazama hivyo!

Nikainuka. Desturi au si desturi, nikainuka.

"Anadanganya," nikasema. "Ni minyi."

Wote wakanigeukia.

"Ni minyi nilibeba ile kle. Nilitia mu mufuko bila kujua. Nilijua ndani ya treni, na sikurudisha. Florent hajui kitu. Iko hapa. Kazadi iko natumika nayo sasa hivi. Mulisikia ile tak, tak? Njo yenyewe!"

Nilidhani mbingu itaniangukia. Nilikuwa tayari. Nikangoja.

Papa Ngondo alinijia polepole. Akaweka mikono miwili mabegani mwangu. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Munaona mukwe?" akawaambia wengine. "Munaona muntu? Anataka kubeba musalaba ya shemeji yake."

"Papa, hapana, sikiliza..."

"Tunasikia, mutoto. Tunasikia sana. Lakini muntu moja akikula pilipili, muntu ingine hawezi kulia mu nafasi yake."

"Florent alisikia!" Nikamgeukia. "Florent, sema. Ulisikia ao haukusikia?"

Florent akainamisha kichwa.

"Minyi sikusikia kintu."

"Florent!"

"Nilikuwa nasikia Kazadi anafunga gari. Ni vile tu."

Nikamsogelea, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake nikamshika mkono. Akaninong'oneza upesi, mdomo karibu na sikio langu:

"Ikala, beau-frère. Dada iko na mimba. Mama akijua ni weye, leo leo anamurudisha kwetu. Ni kle moja tu. Nitavumilia."

Mulanga akaja nyuma yangu, mzito, akiniinua kwa kiwiko.

"Acha, Tshilombo," akasema. "Asante. Lakini acha. Usijichafue juu ya mwizi."

Alinishukuru mbele ya watu wote, na mwizi akamwita mtu aliyeniokoa. Nilijaribu kulia, nikashindwa.

*

"Ngojeni!" nikasema. "Naileta. Mutaiona na macho."

Sikuomba ruhusa. Nilizunguka nyumba mbio. Gereji yangu ni mabati manne juu ya miti, unaiona yote kwa kutupa jicho. Hilux haikuwepo. Palikuwa na alama za magurudumu, jeki, doa la mafuta, na sanduku langu wazi. Fulana kuukuu ilikuwa juu yake, tupu.

Nikampigia Kazadi simu. Ikaita muda mrefu, kisha kelele za upepo.

"Kazadi! Uko wapi?"

"Niko mu gari! Padri anasema nimufuate mpaka Kabongo, nisikilize kelele ya gurudumu. Tunarudi kesho kutwa!"

"Kle! Ile kle mupya iko wapi?"

Akacheka.

"Ah, ile! Patron, uliitoa wapi? Niko nayo. Nilikaza nati ya mwisho, nikaitia mu mufuko, sikujua hata. Nimeiona saa hii."

"Rudi! Kazadi, ambia Padri ageuze! Rudi sasa hivi!"

"Allô? Tshilombo? Haisikilike. Allô?"

Mtandao ukakatika. Unajua wapi unapokatika kwenye barabara ile. Nikapiga mara sita. Yule mama wa kwenye simu akaniambia mara sita kwamba niliyempigia hapatikani, na mara ya sita nikamtukana.

Nilifikiria kuchukua pikipiki kuwafuata. Saa ilikuwa tano na dakika arobaini. Kabla sijafika nusu ya njia, saa sita ingekuwa imekwisha.

Niliporudi uani, Florent alikuwa ameshatia sahihi. Papa Ngondo alikuwa amesimama juani akiipiga picha karatasi kwa simu, kivuli chake kinamsumbua, anasogea huku na huku.

"Papa, usitume. Kazadi ameenda na kle Kabongo. Atarudi kesho kutwa. Ngoya siku mbili tu."

"Eeh," akasema kwa upole, jinsi unavyomjibu mgonjwa wa homa. "Imeenda Kabongo."

"Piga Maurice, omba siku mbili!"

"Mutoto, ulifanya yote mukwe anaweza kufanya. Zaidi ya ile pia. Sasa ikala."

Akabonyeza. Picha ikaenda.

Mama Mbombo alikuwa amejifunika kitambaa kichwani. Akasema na binti yake, lakini alitaka nisikie.

"Mulanga, ambia bwana yako: nilizaa batoto tano. Leo naona yeye njo wa sita, na wa tano nilimuzika."

Florent alisikia. Alikuwa ameketi palepale, mikono katikati ya magoti. Aliniangalia mara moja tu, akatingisha kichwa kidogo: usithubutu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa. Nilikaa kwa sababu sikuwa na kle ya kuonyesha. Nilikaa kwa sababu wamenikatalia kweli yangu. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ya tatu siipendi: ndani yangu kulikuwa na mtu mdogo aliyekuwa akisema, basi, wamekataa wenyewe, umejaribu, na Maurice amesema atasamehe, na Kazadi akirudi utaituma kle kimya kimya, na kijana atapata kazi nyingine. Mtu huyo mdogo alikuwa amekwisha kupanga yote.

Simu ikalia saa sita kasoro dakika tano.

*

Papa Ngondo akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Bonjour, Papa Ngondo," ikasema sauti ya Bwana Maurice. "Nimepata barua. Nimesoma. Ni muzuri."

"Asante, Bwana Maurice. Mutoto amekubali, anaomba pardon. Na shiye jamaa tunaomba pardon."

"Muzuri sana. Iko hapo?"

"Iko hapa, anasikia."

"Florent?"

"Oui, chef."

"Hiyo moja umekubali. Sasa sema zile zingine ziko wapi."

Papa Ngondo akatazama simu kana kwamba imebadilika mkononi mwake.

"Zingine gani?"

"Jana njo tulifungua makasha ya maonyesho. Kle zilizopotea haiko moja, Papa. Ni kumi na mbili. Zile za shingo ya kukunja, zote. Zile za kutoa nati mubaya, zote. Nilikuwa nangoya tu muntu akubali kwanza."

"Bwana Maurice, ulisema akikubali inaisha!"

"Inaisha ya kle moja. Mwenye kubeba moja njo mwenye kubeba kumi na mbili. Ama Florent atataja mwenziye. Polisi ya kule Kamina banaisha kupata jina na barua. Bako njiani. Nasikitika, Papa. Minyi pia nilimupenda ule kijana."

Simu ikanyamaza.

Kumi na mbili. Nilibeba moja! Nakuapia wewe unayesoma, moja tu, ile inayolia. Zile nyingine niliziangalia, nikazishika, nikazirudisha mezani. Sijui nani alizichukua, wala kama zilitoka Lubumbashi. Nikataka kusema hivyo, lakini nani angeniuliza, wakati hakuna aliyesadiki hata ile moja?

Mmoja tu angeweza kuuliza. Nikamtafuta kwa macho.

Florent tayari alikuwa akiniangalia. Hakuwa na hasira tena ya mara ya kwanza, ile ya ngumi kwenye goti. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kwa utulivu, na akakawia kwenye mfuko mrefu wa salopeti yangu.

"Kumi na mbili, Tshilombo?" akasema.

Hakusema beau-frère.

"Moja, Florent. Naapa, moja."

"Minyi natoa jina yangu juu ya moja. Nilisema ni mukono yako tu, naijua mukono ya fundi. Kumbe ulikuja na mufuko tayari."

"Haiko vile!"

Akasimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Papa Ngondo, Mama, ile nilisema, naiondosha. Sikuuzisha kintu. Ile tak, tak ya Kazadi, niliisikia. Ni kle yetu. Tshilombo alisema kweli, ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenishika mabega. Papa Ngondo alinigeukia, na nikaona uso wake unavyobadilika, kwanza macho, kisha mdomo.

"Weye mwenyewe ulikubali mbele yetu," akasema. "Zile zingine kumi na moja ziko wapi?"

Asubuhi nzima niliwaomba wanisadiki. Sasa walinisadiki wote.

Nje ya ua pikipiki mbili zilisimama, moja baada ya nyingine, na polisi wakagonga bati la mlango. Mulanga alijishika kiuno, akainuka kwenye kiti chake, akanipita, akavuka ua polepole na kwenda kusimama karibu na Florent.